Kirai Kihusishi Baada ya Kitenzi cha Kiingereza na Dai la Ulinganifu Wake na Kauli ya Kutendea

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna vitenzi vya Kiingereza vinavyoambatana na virai vihusishi katika matumizi ya kila siku, yaani katika mazungumzo, barua na maelezo ya kawaida, si katika lugha ya sheria wala ya ushairi. Suala hili hutajwa mara kwa mara katika masomo ya isimu linganishi na ya tafsiri, lakini hutajwa kwa ufupi mno, na karibu kila mara kwa jibu lile lile: kwamba kile ambacho Kiingereza hukieleza kwa kihusishi, Kiswahili hukieleza kwa kauli ya kutendea. Jibu hilo lina historia. Waandishi wa sarufi za Kiswahili zilizokusudiwa wasemaji wa Kiingereza, kama vile Ashton (1944) na Perrott (1951), waliipa kauli hiyo jina linalotokana na istilahi ya Kiingereza ya kihusishi. Wasomaji wao walisaidika. Msemaji wa Kiingereza akielezwa kwamba "pika" na "pikia" hutofautiana kama vile kitenzi kisicho na kihusishi na kitenzi kilicho nacho, huelewa mara moja. Tatizo lilianza pale msaada huo wa kufundishia Kiswahili ulipogeuzwa ukawa maelezo ya Kiingereza chenyewe.

Hoja inayotolewa hapa ni kwamba kirai kihusishi kinachofuata kitenzi cha Kiingereza si kitu kimoja. Kuna kihusishi kilichochaguliwa na kitenzi, na kuna kihusishi huru kilichokuja na maana yake chenyewe. Kauli ya kutendea inalingana, kwa kiasi fulani, na hicho cha pili. Hailingani na cha kwanza. Mwenzi wa kweli wa kihusishi kilichochaguliwa yumo katika Kiswahili, lakini ametafutwa mahali pasipo pake. Jambo hili si la nadharia tupu. Mwalimu anayesahihisha insha ya Kiingereza na kuandika pembeni kwamba mwanafunzi "anafikiri kwa Kiswahili" anatoa hukumu juu ya Kiswahili, na mara nyingi hukumu hiyo si ya haki.

Katika mifano inayofuata alama ya nyota inaonyesha tungo isiyokubalika. Tafsiri zimetolewa kwa Kiswahili cha kawaida, si neno kwa neno.

2.0 Kihusishi Kilichochaguliwa na Kihusishi Huru

2.1 Majaribio

Tungo mbili zifuatazo zina umbo moja kwa macho: kitenzi, kihusishi, kirai nomino.

(1) a. Asha waited for the bus.
"Asha alisubiri basi."
b. Asha waited for an hour.
"Asha alisubiri kwa saa moja."

Tafsiri zenyewe zinatosha kuzua shaka, kwa kuwa katika (1a) Kiswahili hakikuhitaji kihusishi wala kauli ya kutendea, na katika (1b) kimehitaji "kwa". Shaka hiyo inathibitishwa na majaribio ya ndani ya Kiingereza chenyewe. La kwanza ni la swali. Mtu akitaka kujua kilichosubiriwa katika (1a) atauliza "What did Asha wait for?", na kihusishi kitabaki mwishoni mwa swali. Akitaka kujua habari ya (1b) atauliza "How long did Asha wait?", na kihusishi kitatoweka bila kuacha pengo. La pili ni la kitenzi kisaidizi kinachosimama badala ya kitenzi kilichotangulia pamoja na vijalizo vyake:

(2) a. Asha waited for an hour and Juma did so for two.
b. *Asha waited for the bus and Juma did so for the train.

Katika (2b) tungo inaharibika kwa sababu "for the bus" ni sehemu ya kundi la kitenzi na haiwezi kuachwa nje ya kile kinachowakilishwa na "did so". Kwa istilahi za kawaida, kirai cha (1a) ni kijalizo na kile cha (1b) ni chagizo. Quirk na wenzake (1985) wamelieleza jambo hili kwa urefu, na vigezo vyao havitarudiwa vyote hapa.

Wakati mwingine tungo moja hubeba uchanganuzi wote wawili. Chomsky (1965) aliutolea utata huo mfano uliopata kuwa maarufu, wa mtu ambaye ama aliichagua mashua, ama alifanya uamuzi akiwa ndani ya mashua, na Kiingereza kinatumia maneno yale yale kwa hali zote mbili. Mfano wa karibu zaidi na maisha ya mikutano ni huu:

(3) The chairman reflected on the platform.
"Mwenyekiti alitafakari kuhusu jukwaa."
"Mwenyekiti alitafakari akiwa jukwaani."

Mfasiri wa Kiswahili hana njia ya kuuhifadhi utata huu, analazimika kuchagua. Kwa hiyo Kiswahili, lugha inayodaiwa kuwa na uhaba wa vihusishi, kinatenganisha wazi kile ambacho Kiingereza kimekichanganya.

2.2 Jaribio la kutendwa na kitanda kilicholaliwa

Jaribio la tatu, ambalo hupendwa sana na vitabu vya kiada, ni la kauli ya kutendwa. Kihusishi kilichochaguliwa huweza kubaki na kitenzi wakati nomino yake inapopanda kuwa kiima: "The children were looked after by a neighbour", yaani "Watoto walitunzwa na jirani". Chagizo haliwezi: "*An hour was waited for by Asha". Hata hivyo jaribio hili halifanyi kazi kama mashine. "The bus was waited for" ni tungo ambayo wasemaji wengi huisitia, ingawa kihusishi chake kimechaguliwa. Upande wa pili, kuna virai vya mahali, ambavyo kwa kawaida ni machagizo, lakini vinakubali kutendwa:

(4) a. This bed has been slept in.
"Kitanda hiki kimelaliwa."
b. *Morogoro was slept in by the visitors.

Wageni wanaweza kulala kitandani na wanaweza kulala Morogoro, na kihusishi cha Kiingereza ni kile kile. Tofauti ni kwamba kitanda hubakiwa na alama za kulaliwa: shuka zimekunjamana, mto umebonyea. Mji haubaki na alama. Kiingereza huruhusu mahali papande kuwa kiima pale tu panapochukuliwa kuwa pameathiriwa na tendo. Inavutia kwamba Kiswahili kinafuata mkondo huo huo. Anayesema "Kitanda hiki kimelaliwa" au "Kiti hiki kimekaliwa" kwa kawaida anazungumza kutokana na ushahidi anaouona. Hapa, kwa mara ya kwanza katika mjadala huu, kihusishi cha Kiingereza na kauli ya kutendea vimekutana. Lakini izingatiwe kwamba vimekutana katika kihusishi huru cha mahali, si katika kihusishi kilichochaguliwa.

2.3 Nani anachagua?

Vitenzi kama depend, consist, believe, listen, insist na refer kila kimoja kina kihusishi chake: on, of, in, to, on, to. Hakuna kanuni ya sintaksia itakayomwezesha mtu kukisia kwamba depend kitataka on na consist kitataka of. Ushahidi bora kwamba uchaguzi huu ni wa msamiati, si wa mantiki, ni kutokubaliana kwa Waingereza na Wamarekani wenyewe. Mwingereza asiyeridhika na hukumu husema "appeal against the decision"; Mmarekani husema "appeal the decision". Mwingereza huandika "write to me" pale ambapo Mmarekani huridhika na "write me". Vivyo hivyo, uchaguzi hubadilika kwa wakati. Katika Kiingereza cha karne ya 18 watu wenye elimu nzuri waliandika "accept of" bila haya. Leo umbo hilo lingesahihishwa kwa wino mwekundu.

Hata hivyo, kusema kwamba uchaguzi ni wa msamiati si kusema kwamba hauna maana kabisa. Kihusishi at kina mabaki ya maana ya shabaha, na mabaki hayo yanahisika hata kinapokuwa kimefungamana na kitenzi:

(5) a. He threw the ball to the boy.
b. He threw the ball at the boy.

Katika (5a) mvulana anatarajiwa kuudaka mpira. Katika (5b) anatarajiwa kuukwepa. Ndivyo ilivyo kwa "shout to", ambacho ni kumwita mtu kwa sauti, na "shout at", ambacho ni kumfokea. Levin (1993) ameonyesha kwamba at hiyo hiyo ikiingizwa kati ya kitenzi cha kupiga na yambwa yake huondoa uhakika wa tendo kufika: "shoot the thief" ni kumpiga mwizi risasi ikampata, lakini "shoot at the thief" ni kumfyatulia tu. Kauli ya kutendea haishughuliki na tofauti hizi. "Alimrushia mvulana mpira" inafaa kwa (5a) na kwa (5b), na msikilizaji huachiwa kuamua kwa kuangalia kilichorushwa: aliyerushiwa embe ana bahati, aliyerushiwa jiwe hana.

3.0 Tahadhari Kuhusu Vijineno vya Kielezi

Si kila neno fupi linalofuata kitenzi ni kihusishi. Katika "She turned off the lamp" (alizima taa) na "She turned off the road" (aliiacha barabara) off inaonekana kuwa moja, lakini mtu anaweza kusema "She turned the lamp off" na hawezi kusema "*She turned the road off". Kiwakilishi nacho hutofautisha: taa ni "turned it off", barabara ni "turned off it". Off ya taa ni kijineno cha kielezi, na mjadala wa makala haya hauihusu. Kuna pia miungano ya maneno matatu, yenye kijineno na kihusishi, kama "run out of". Kwa huo Kiswahili kina jibu la neno moja: "The shop ran out of sugar" ni "Duka liliishiwa sukari".

4.0 Kihusishi Kinachoachwa Nyuma

Tabia iliyo dhahiri zaidi katika Kiingereza cha kila siku ni ya kihusishi kuachwa peke yake mwishoni, nomino yake ikiwa imehamia mbele au haikutajwa. "Who did you talk to?", "the house I live in", "a pen to write with" ndiyo Kiingereza cha kawaida. Umbo la kukihamisha kihusishi pamoja na nomino, kama "the house in which I live", ni la maandishi rasmi. Sifa mbaya ya kihusishi cha mwisho haikutokana na lugha bali na watu. Mwaka 1672 John Dryden alimlaumu Ben Jonson, aliyekwisha kufariki, kwa kumalizia sentensi na kihusishi. Askofu Robert Lowth, katika sarufi yake ya mwaka 1762, alikubali kwamba desturi hiyo imeenea katika mazungumzo, lakini akashauri kwamba umbo lingine ndilo linalofaa mtindo wa heshima. Walimu wa shule waliokuja baadaye waliugeuza ushauri huo kuwa amri, na amri hiyo ilisafiri hadi Afrika Mashariki katika vitabu vya shule. Ndiyo maana hata leo mwanafunzi anaweza kuijua vizuri "in which" na asiwe na uhakika wa "live in".

Kwa ulinganishi na Kiswahili, sehemu hii ni tajiri kuliko zote. Tazama jozi hizi:

(6) a. a pen to write with – kalamu ya kuandikia
b. a chair to sit on – kiti cha kukalia
c. a knife to cut meat with – kisu cha kukatia nyama

Hapa kauli ya kutendea inafanya kazi ile ile ya kihusishi kilichoachwa nyuma: inaonyesha kwamba nomino iliyotangulia ina uhusiano na kitenzi ambao si wa kutenda wala kutendwa moja kwa moja. Tena ni vihusishi huru, vya ala na mahali. Hakuna kitenzi katika (6) kilichochagua kihusishi chake.

5.0 Mipaka ya Ulinganifu

Kama vihusishi huru vinalingana na kauli ya kutendea, vinalingana kwa kiasi gani? Mofimu ya Kiswahili ni moja, -i- au -e- kwa kufuata ulinganifu wa irabu, na kazi zake ni nyingi: kunufaisha, kuelekea, ala, mahali, sababu. "Alifia Mombasa" ni mahali. "Alifia nchi yake" ni kunufaisha. Kiingereza kingetumia in na for. Na "alikufa kwa malaria", ambayo Kiingereza hueleza kwa of, haiingii katika kauli ya kutendea kabisa.

Jambo la pili ni hadhi ya nomino. Kauli ya kutendea haileti kihusishi; inaleta yambwa. "Alimpikia mgeni wali" ina kiambishi cha yambwa cha mgeni, na mgeni anaweza kupanda kuwa kiima: "Mgeni alipikiwa wali". Katika Kiingereza "The guest was cooked for" inapita kwa shida, na wali ukiingia kati mlango unafungwa kabisa: "*The guest was cooked rice for". Nomino iliyo ndani ya kirai kihusishi inabaki kuwa mgeni katika nyumba ya kitenzi. Yambwa ya kutendea ni mwenyeji.

Tatu, mwelekeo. Talmy (1985) alizigawa lugha kwa kuangalia zinapoiweka njia ya mwendo: ndani ya kitenzi au nje yake. Kiingereza huiweka nje, katika vijineno na vihusishi, na kitenzi hubaki na namna ya mwendo:

(7) a. The child crawled out of the hut.
"Mtoto alitoka kibandani akitambaa."
b. The child crawled into the hut.
"Mtoto aliingia kibandani akitambaa."
c. The child crawled about in the hut.
"Mtoto alitambaatambaa kibandani."

"Kibandani" haikubadilika katika tafsiri zote tatu. Kiambishi tamati -ni hutaja mahali tu. Kutoka, kuingia na kukaa ni kazi ya kitenzi. Mfasiri anayekitafutia kila kihusishi cha (7) neno lake la Kiswahili ataandika "alitambaa kutoka nje ya kibanda", tungo ambayo msikilizaji ataielewa kuwa mtoto alianzia nje. Kuna jozi chache ambamo kutendea hubeba mwelekeo waziwazi: "hama Tanga" ni kuondoka Tanga na "hamia Tanga" ni kwenda kuishi huko, "kimbia vita" ni kuvikwepa na "kimbilia mjini" ni kwenda huko kwa usalama. Lakini hizi ni jozi za vitenzi maalumu.

Mfano mmoja wa ulinganifu haumo katika vitabu vingi vya shule, pengine kwa kuwa ni wa mazungumzo mno. Kiingereza cha kila siku kina on ya mkosi:

(8) a. The car broke down on us.
"Gari lilituharibikia."
b. His wife died on him.
"Alifiwa na mkewe."

On hii haisemi chochote kuhusu juu wala kuhusu mahali. Inamtaja yule aliyepatwa na hasara ya tukio ambalo hakulitenda. Kauli ya kutendea ya Kiswahili inafanya hivyo hivyo, nayo kwa ufasaha zaidi, kwa sababu aliyepatwa anaweza kuwa kiima, "Tuliharibikiwa na gari", jambo lisilowezekana katika Kiingereza. (Katika (8b) lugha hizi zinaachana kwa adabu: tungo ya Kiingereza ina ubaridi ambao haungefaa msibani, ilhali "kufiwa" ndilo neno la heshima.) Na hapa tena, on ni huru, kitenzi die hakikuichagua.

6.0 Makosa na Wanaolaumiwa

Kama uchanganuzi huu ni sahihi, unapaswa kuonekana katika makosa ya wanafunzi wanaozungumza Kiswahili. Makosa yanayohusu vihusishi vya Kiingereza yanagawanyika katika makundi matatu, na ni kosa la ufundishaji kuyaweka katika kapu moja.

Kundi la kwanza ni la kuongeza kihusishi kisichohitajika: "*discuss about the matter", "*request for permission" iliyotumiwa kama kitenzi, "*emphasize on unity". Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba mwanafunzi anafasiri "jadili kuhusu" au "sisitiza juu ya". Maelezo hayo hayatoshi. Kwanza, "discuss about" husikika pia India na Ghana, ambako Kiswahili hakina nafasi. Wanaisimu walioshughulikia Kiingereza cha Afrika, akiwamo Schmied (1991), wameonyesha kwamba tabia nyingi za aina hii zinavuka mipaka ya lugha za kwanza. Pili, Kiswahili chenyewe husema "jadili suala", "omba ruhusa", "sisitiza umoja" bila kihusishi chochote. Kama mwanafunzi angefuata Kiswahili angepata. Chanzo kilicho karibu zaidi ni Kiingereza chenyewe. Nomino za vitenzi hivyo huchukua vihusishi: "a discussion about", "a request for", "an emphasis on". Mwanafunzi amehamisha kihusishi cha nomino akakipa kitenzi. Ni kosa la mtu anayeijua lugha kiasi cha kuiongezea utaratibu ambao haikuwa nao. Vivyo hivyo "*result to", inayosikika sana, inaelekea kufuata lead to, na "*comprise of" kufuata consist of.

Kundi la pili ni la kuacha kihusishi: "*a pen to write", "*the house I live". Hapa Kiswahili kinahusika kweli. Katika "kalamu ya kuandikia" uhusiano umo ndani ya kitenzi, na katika "nyumba ninamoishi" umo katika kirejeshi cha mahali. Mwanafunzi anapofika mwisho wa kishazi cha Kiingereza haoni kilichobaki kusemwa.

Kundi la tatu ni la kuongeza kiwakilishi: "*the man whom I met with him". Asili yake ni "mtu niliyekutana naye", ambamo "na" haiwezi kubaki pekee na hulazimika kubeba kiwakilishi.

Hivyo basi Kiswahili kinabeba lawama ya kundi la pili na la tatu, ambayo husemwa kidogo, na kinasingiziwa kundi la kwanza, ambalo ndilo linalopigiwa kelele zaidi. Tiba nazo zinatofautiana. Kundi la kwanza linahitaji orodha ya nomino na vitenzi vyao. La pili linahitaji mazoezi ya kugeuza "-ia" kuwa kihusishi cha mwisho. Kumwambia mwanafunzi wa kundi la kwanza aache kufikiri kwa Kiswahili ni kumpa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

7.0 "Na" ya "Tokana na"

Inabaki kumtaja mwenzi wa kihusishi kilichochaguliwa. Kiswahili kina vitenzi ambavyo haviwezi kukamilika bila kihusishi fulani na havikubali kingine: "tokana na", "husiana na", "lingana na", "ridhika na", "bobea katika". Hakuna asemaye "*tokana kwa ukame" au "*bobea na isimu". Inaweza kujibiwa kwamba "na" inaletwa na kiambishi -an-, na kwa "kutana" au "pambana" jibu hilo lina uzito. Lakini "ridhika" haina -an-, na "tokana" inayo bila kuwa na maana ya kutendana: ukame na njaa havitokani kimoja na kingine kwa zamu. Katika vitenzi hivi "na" ni sehemu ya msamiati, kama on ilivyo sehemu ya depend. Uchaguzi wake haukisiwi. Hujifunzwa pamoja na kitenzi. Kinachotofautisha lugha hizi ni kwamba "na" haiachwi nyuma ikiwa tupu: "ukame ambao njaa ilitokana nao".

Mfasiri asiyetambua hili huangukia upande wa pili wa kosa. Akikuta believe in anaandika "kuamini katika", ilhali "kumwamini mtu" inabeba kusadiki maneno yake na kuwa na imani naye pia. Akikuta wait for anaandika "kusubiri kwa ajili ya matokeo". Amekipa kihusishi kilichochaguliwa maana ambayo hakina. Isifikiriwe kwamba kila "juu ya" ni ugeni. "Kuzungumza juu ya jambo" kumekaa katika Kiswahili kwa muda mrefu, sambamba na "kulizungumzia".

Kwa watunga kamusi athari yake ni ya wazi. Tangu kamusi ya Hornby ya mwaka 1948, kamusi za wanafunzi wa Kiingereza zimekuwa zikionyesha ruwaza ya kitenzi pamoja na kihusishi chake. Kamusi za Kiswahili zina desturi nzuri ya kuonyesha ikiwa kitenzi ni elekezi au si elekezi, na kauli zake za mnyambuliko. Uchaguzi wa "na" au "katika" kwa kawaida huachwa uonekane katika mfano wa matumizi, mfano ukiwapo. Msemaji mzawa haoni hasara. Mgeni anayejifunza huiona, na hata mzawa huiona pale matumizi yanapoyumba. "Shiriki mkutano" na "shiriki katika mkutano" yote mawili yanaandikwa leo, wakati mwingine katika ukurasa mmoja wa gazeti, kama vile "appeal" inavyosimama na kusimama bila "against". Na msomaji anayetafuta kujua kama kuna tofauti ya maana kati yake hana kamusi ya kumjibu.